Mbwa wa mama mkwe alikatwa mguu, akaja kuuguzwa uani kwangu Bombambili

Wakuu, poleni na majukumu.

Hii siyo chai. Anayetaka chai ana jiko lake nyumbani. Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Songea, na mke wangu ni mwanachama humu, kwa hiyo nikiongeza chumvi ataniumbua kwenye comment ya kwanza.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, sitamshika shati.

Mimi ni fundi seremala. Naishi Bombambili na karakana yangu iko hapo hapo uani, vumbi la mbao mpaka kwenye ugali. Mke wangu anauza vitenge Majengo, anatoka asubuhi, anarudi jioni. Mchana nabaki mimi na mbao zangu.

Mama mkwe anaishi peke yake shambani, upande wa Namtumbo. Baba mkwe alishatangulia mbele za haki. Jina la mama silitaji hata humu, maana mkwe hatajwi ovyo. Analima mahindi na tumbaku kidogo, na mwenzake pale nyumbani ni mbwa mmoja mkubwa, rangi ya udongo, anaitwa Diwani. Walimpa hilo jina kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa anapita nyumba hadi nyumba saa za kula, anasalimia, anaondoka na kitu.

Diwani siyo mbwa wa mapambo. Ndiye anayezuia ngedere na nguruwe pori wasimalize mahindi, na ndiye anayemjulisha mama kwamba kuna mtu njiani.

Sasa kule kuna watu wanatega nyaya za nguruwe pembeni ya mashamba. Diwani akanasa. Mama akamtafuta, akamwita mpaka sauti ikakauka. Aliporudi alikuwa anaburuta mguu wa nyuma wa kushoto, waya umezama kwenye nyama.

Mama hakungoja mtu. Akamtia kwenye tenga, tenga likafungwa nyuma ya bodaboda mpaka barabara kuu, pale akaomba lifti kwenye fuso la mahindi. Mimi nipo karakanani napiga randa mlango wa mteja, nasikia geti linagongwa. Kufungua, ni mama mkwe na utingo wa fuso wamebeba tenga, na ndani ya tenga kuna mbwa ananiangalia.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo hapa mjini. Akaukagua ule mguu, akaunusa, akatikisa kichwa. Umeshaoza. Ama ukatwe juu kabisa, ama mbwa afe. Mama akauliza swali moja tu, kama atatembea. Daktari akasema mbwa wengi hutembea kwa miguu mitatu, ila kazi yenyewe iko nyumbani, kwenye kumuuguza.

Basi akakatwa.

Hapa ndipo penye uzito wa habari, naomba mnielewe vizuri.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, anaishi Majengo. Muda mrefu anataka mama aache shamba aje akae kwake, shamba likodishwe. Siyo mtu mbaya. Anaogopa siku moja apigiwe simu aambiwe mama ameanguka na hakuna aliyejua. Mama hataki hata kusikia. Jibu lake siku zote ni kwamba hayuko peke yake, yuko na Diwani.

Sasa Diwani yuko chini. Shemeji akaona hapo hapo ndipo pa kumbana. Akamwambia mama kwamba mbwa akishindwa kutembea, yeye anabaki mjini moja kwa moja. Mama akafikiri, akasema, "Akitembea, narudi kwangu kabla mahindi hayajabeba." Wakakubaliana mbele yetu.

Kwa hiyo tulikuwa tunamuuguza mbwa, na nyumba ya mama inasubiri majibu.

Mgonjwa akaletwa kwangu. Kule Majengo nyumba zimebanana, na mke wa shemeji akiona mbwa anapanda juu ya kiti. Mimi nina ua.

Na hapo matatizo yangu yakaanza.

Ninyi ambao mnapiga selfie na wakwe zenu hamtanielewa. Mama mkwe wangu ni mama wa Kingoni wa zamani. Kwake mkwe wa kiume anaheshimiwa kwa mbali. Halali nyumba moja na mimi. Hali chakula cha kwangu. Hanipi mkono. Nikikutana naye njiani nachepuka, nachuchumaa, namwamkia shikamoo huku naangalia chini, naye anaitikia marahaba huku anaangalia pembeni, kanga imeshuka usoni. Tangu nioe tumeishi hivyo na hatujawahi kukoseana hata siku moja. Jambo lolote linapitia kwa mke wangu.

Sasa mke wangu yuko Majengo na vitenge vyake, na mgonjwa yuko uani.

Mama akajipangia. Analala kwa shemeji, asubuhi anakuja na bodaboda, hotpoti yake ya chakula mkononi. Anakaa upande wa jikoni na Diwani, mimi nakaa upande wa karakana. Katikati kuna kamba ya kuanikia nguo, na mama alihakikisha haikosi nguo.

Siku ya kwanza tukakaa kimya mpaka jua la utosi. Halafu nikasikia sauti nyuma ya mashuka.

"Diwani, mwambie mwenye nyumba bakuli lako la maji liko tupu."

Nikaacha msumeno. Nikaangalia huku na huku, hakuna mtu mwingine. Ikabidi na mimi nijibu, "Diwani, mwambie mama maji yanakuja, naomba asogee kidogo."

Mama akasogea, nikaweka ndoo, nikarudi kwenye mbao zangu. Tukaendelea hivyo. Mbwa ana homa, ana maumivu, na bado kapewa kazi ya kupeleka ujumbe wa ukweni.

Siku za mwanzo ni ngumu wakuu, nisiwadanganye. Akijigeuza analia. Kuna wakati alikuwa anageuza kichwa aulambe ule mguu, anakuta haupo, anabaki anapaangalia tu. Iliniuma sana, na mimi siyo mtu wa kulilia mbwa.

Kidonda hakitakiwi kulambwa. Daktari alitaka avae ile koni ya shingoni, tukaikosa. Nikachukua ndoo ya rangi, nikaikata kitako, nikavika kingo mpira wa baiskeli zisimchubue, nikamvalisha. Jirani alipomwona akauliza kama nimeajiri kibarua wa kupaka ukuta.

Sakafu yangu ni sementi iliyosuguliwa, mbwa wa miguu mitatu hapo ni kuteleza tu. Nikatandika magunia toka mlangoni mpaka uani, nikayabana pembeni kwa mabanzi yasikunjamane. Hili nawashauri sana. Mgonjwa akianguka mara moja anaogopa kusimama tena.

Dawa nazo zilikuwa shughuli. Mama alificha kidonge kwenye ugali na dagaa wa Nyasa. Diwani akala ugali, akala dagaa, kidonge akakiacha pembeni kisafi kama kimeoshwa. Tukahamia kwenye kipande cha ini ndipo kikapita.

Halafu nikaleta ufundi wangu. Kila mtu aliyepita hapa aliniambia, wewe si seremala, mchongee mguu. Nikachonga bwana. Mninga safi, nikapiga msasa, nikaweka mkanda wa ngozi. Daktari alipokuja kukagua akacheka mpaka akakaa kwenye benchi langu. Akaniambia mbwa hahitaji hiyo kitu, aliyekatwa juu hivyo hana hata pa kuifungia. Nikamwachia Diwani akautafuna, na nadhani ndiyo siku aliyonipenda.

Ila daktari alitukemea. Akasema tunamlaza mno. Mama alikuwa anambeba kumtoa nje, anambeba kumrudisha, anamlisha kamlalia mapajani. Akasema mbwa huyu mzito asiposimamishwa sasa, ule mguu wa nyuma uliobaki utalegea na hatasimama tena. Mpitisheni kitambaa chini ya tumbo, mmoja ashike nyuma, mwingine atangulie mbele na kamba, mtembee kidogo kidogo.

Yaani watu wawili. Na watu wawili waliopo mchana ni mimi na mama mkwe.

Nilijaribu peke yangu. Diwani akanitazama kama dalali wa mahakama, hakunyanyua hata sikio. Anamfuata mama tu. Na kitambaa nacho ni kesi. Gunia lilimchubua tumbo. Shuka alilichana. Akatulia tu alipopitishiwa kitenge cha mama, kwa sababu kina harufu ya nyumbani.

Sasa mkwe atashikaje nguo ya mama mkwe?

Hapa ndipo tulipofanya ujinga, na ni ujinga wa heshima tupu. Nikachonga mipini miwili ya mbao. Nikaipitisha kwa Diwani, maana yake nikaiweka chini karibu naye nikaondoka. Mama akafunga ncha za kitenge kwenye mipini. Kwa hiyo mimi nashika mbao, sishiki nguo. Tukaona tumepata akili.

Tukaanza safari. Mama mbele na kamba, kanga imeshuka usoni, anaangalia geti. Mimi nyuma na mipini yangu, nimegeuza shingo naangalia paa la jirani, maana kumkodolea macho mama mkwe kwa nyuma ni utovu wa adabu. Mgonjwa yuko katikati na ndoo kichwani, haoni pembeni.

Hakuna aliyekuwa anaangalia njia. Tukampeleka Diwani moja kwa moja kwenye mtaro wa maji ya bafuni.

Aliangukia upande wa kidonda. Akapiga yowe ambalo sitalisahau. Nyuzi zikaachia na damu ikatoka nyingi. Nikambeba mwenyewe mpaka kwa daktari, mama nyuma yangu analia waziwazi na kanga yake mkononi.

Akashonwa upya. Shemeji akaja jioni, akamwangalia mbwa, akasema kwa upole kabisa tusimtese mnyama, achomwe sindano apumzike, na mama naye apumzike.  Mama alipanda bodaboda kurudi Majengo bila kuniaga hata kupitia kwa mbwa.

Mke wangu alisubiri waondoke, halafu akanigeukia.

"Wewe na mama mtamuua yule mbwa kwa heshima."

Nikamwambia mimi nifanyeje, mila ni ya kwao. Akaniambia mila hiyo hiyo ina mlango. Mkwe akitaka kupunguziwa umbali, hupeleka kitu kwa mama mkwe, na mama mkwe akipokea, basi wanaweza kuonana uso kwa uso na kusemezana. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa naogopa tu asije akakataa, maana akikataa utaficha wapi sura.

Asubuhi mke wangu hakwenda dukani. Nikakamata tetea wangu bora, yule mwekundu anayetaga bila kukosa, nikamkabidhi. Akampeleka kwa mama nyuma ya mashuka. Mimi nimechuchumaa upande wa pili kama siku ya kutoa posa.

Nikasikia kuku anapapaswa kifuani, maana alilalamika. Kisha mama akasema, "Anueni hizo nguo kwenye kamba."

Mke wangu akaanua. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kuku kwapani, uso wazi, ananitazama. Akaniambia, "Baba, njoo ushike kitenge. Na hiyo mipini yako itupe."

(Naona mdau ameshauliza hapo chini kama kuku yule siyo rushwa. Siyo rushwa mkuu. Rushwa unatoa ili upendelewe. Mimi nilitoa ili nigombezwe, na ndicho nilichopata.)

Maana kumbe mama mkwe ana mdomo. Tangu nioe nilikuwa nimekingwa na ile heshima bila kujua. Baba unashika juu mno, mbwa siyo ndoo. Baba unamharakisha. Baba hilo fulana hata Diwani halitaki. Siku moja alisimama karakanani akaniambia mlango ninaotengeneza umepinda. Nikachukua kipimo, nikapima. Haukupinda, lakini nilipima.

Wakati huo kazi ikawa inakwenda. Yeye mbele anaangalia nyuma, mimi nyuma naangalia mbele, na Diwani katikati anajua yuko na watu wenye macho. Tunazunguka karakana, tunapumzika, tunarudi. Kila siku nalegeza kitenge kidogo.

Kuna siku alikwenda kwenye mti wa mpera akataka kukojoa kiume. Akanyanyua mguu wa nyuma, tena ule uliobaki. Akakaa chini puu, akatuangalia kama vile sisi ndio tumemsukuma. Mama alicheka mpaka akashika mti. Sikuwahi kumsikia akicheka, na mimi nikacheka mpaka mteja aliyeko getini akaja kuona kuna nini. Diwani akajifunza kuinama tu bila kunyanyua kitu, akaendelea na maisha yake.

Halafu ikaja ile asubuhi.

Tulikuwa tunaelekea getini, mama ametangulia. Nikagundua kitenge kimelegea kabisa, hakigusi tumbo. Nikaachia ncha moja, kikateleza, kikabaki mkononi mwangu. Diwani anakwenda. Anayumba, anadunda kwa nyuma, lakini anakwenda. Nikasimama.

Nikasema taratibu, "Mama, mimi sijashika."

Hakugeuka. Akasema kwa sauti ya chini, "Nyamaza, atasikia."

Wakafika getini wawili. Mama akageuka, akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akamkumbatia shingo pamoja na ndoo yake. Mimi nikajifanya natafuta msumari.

Jumapili moja baada ya Misa shemeji akaja, mke wangu akatoa viti uani. Mahindi kule yalikuwa yanakaribia kubeba. Mimi mkwe sina neno kwenye kikao chao, nikakaa pembeni.

Diwani akaja mwenyewe kutoka nyuma ya nyumba, akamnusa shemeji viatu, akaenda kulala miguuni pa mama. Shemeji alimwona vizuri kabisa. Lakini alikuwa ameshajiandaa. Akasema sawa, anatembea, ila tuseme ukweli, mbwa wa miguu mitatu atakulinda na nini kule porini?

Mama alimwangalia mwanawe bila hasira.

"Huyu ana mitatu na anataka kurudi na mimi. Wewe unayo miwili mizima. Shambani kwangu umefika lini?"



 Shemeji akaangalia chini. Nilimwonea huruma, maana yule mtu anampenda mama yake, na nilimwona macho yamelowa. Mwisho akasema, "Nitakupeleka mwenyewe, mama." Na akampeleka kweli. Alibaki kule akamjengea uzio upande ambao nguruwe wanapita, akarudi mjini na malengelenge mikono yote miwili, anaonyesha kila mtu.

Siku hizi anakwenda mara kwa mara, hasubiri simu ya msiba. Mimi na mama tunapigiana moja kwa moja. Juzi nilimuuliza mama jinsi Diwani anavyowaweza ngedere na ule mwendo wake. Akaniambia habwekei mbali kama zamani, anasimama ukingoni mwa mahindi anaunguruma, na ngedere hawana muda wa kuhesabu miguu.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Mgonjwa anayetaka kusimama usimbebe. Mshike chini ya tumbo, mwangalie anapokwenda, na kila siku legeza kidogo. Nasemea mbwa, na nasemea mama zetu pia. Shemeji ameniruhusu niandike hivyo.

Mnaouguza mbwa aliyekatwa mguu, ulizeni, nitajibu ninachokijua, na ya kitabibu muulizeni daktari wa mifugo. Na mwenye uzoefu aniambie: mguu uliobaki nimsaidieje usichoke mapema, maana Diwani hajui kupumzika.

Kwa yule atakayekuja kuandika kwamba mbwa kilema hana faida, sitabishana naye. Nitamwelekeza njia ya shambani kwa mama. Aende jioni, aingie kwenye mahindi bila kubisha hodi.